Kabla ya kulipa karo ya nasari, angalia vitabu viko wapi

KAMPALA

Mfanyabiashara wa mpakani hanunui gunia la maharagwe bila kulifungua. Huingiza mkono hadi chini, akachambua punje kiganjani, akatafuna moja, ndipo akataja bei. Lakini mtu huyohuyo, muhula ukifunguliwa, huingia ofisini katika nasari ya mwanawe, akahesabu noti, akapokea risiti na kuwahi basi la Busia au Mutukula bila kuchungulia darasani. Ameangalia geti lililopakwa rangi, sare na gari la shule. Mzigo wenyewe hakuufungua.

Mzigo wenyewe ni kile anachofanya mtoto kuanzia asubuhi hadi saa ya kurudi nyumbani. Ipo njia nyepesi ya kuukagua, isiyomhitaji mzazi awe mwalimu: aingie darasani aangalie vitabu viko wapi. Kama viko mahali ambapo mtoto wa miaka 4 anaweza kukichukua kimoja mwenyewe, akakaa chini na kukifungua, hiyo ni dalili njema. Kama viko katika kabati lenye kufuli ofisini kwa mwalimu mkuu, au havipo kabisa, mzazi ana neno la kusema kabla hajatoa fedha.

Mzazi ndiye mteja

Nchini Uganda neno la mzazi lina uzito. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ulioanza mwaka 1997, unaanzia darasa la kwanza. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inaitambua elimu ya awali kuwa ngazi ya kwanza ya masomo, lakini uendeshaji wake imewaachia watu na mashirika binafsi, na gharama zikabaki kwa wazazi. Ndiyo maana Kampala ina nasari za kila namna: za majumba makubwa ya Kololo na Ntinda, za makanisa na misikiti, na za chumba kimoja Kisenyi, Katwe na Bwaise, ambako watoto wa wachuuzi hushinda wakati wazazi wao wako Owino au Kikuubo.

Mwongozo upo. Mwaka 2005 Kituo cha Taifa cha Kuendeleza Mitaala kilitoa mwongozo wa kufundishia watoto wa miaka 3 hadi 6, unaotaka watoto wajifunze kwa kucheza na kwa kutenda. Hata hivyo, katika madarasa mengi viti hupangwa mistari kuelekea ubaoni, na watoto huimba herufi kwa pamoja hadi sauti zinakauka. Sehemu ya lawama ni ya wazazi wenyewe. Wao ndio wanaodai daftari lililojaa maandishi na mtoto anayetamka Kiingereza mwisho wa muhula. Mwenye shule naye anajua soko linataka nini, na hulipatia.

Tatizo ni kwamba kuimba herufi si kusoma. Mtoto anaweza kuzitaja zote kuanzia A hadi Z bila kujua zina kazi gani. Kazi hiyo huijua akiwa na kitabu mkononi. Hapo ndipo anapogundua kwamba kitabu kina upande wa juu na wa chini, kwamba kurasa hufunguliwa kwa mpangilio, kwamba alama zile nyeusi ndizo zinazomwambia mwalimu maneno, na kwamba maneno hayo hayabadiliki kitabu kikisomwa tena kesho. Aliyekwisha kuyajua hayo akifika darasa la kwanza hubakiwa na kazi moja ya kujifunza herufi. Asiyeyajua huanza na kazi zote mbili kwa pamoja, katika darasa lenye watoto wengi na mwalimu mmoja.

Matokeo yake yanaonekana baadaye. Uwezo, mpango ulioanza mwaka 2009 kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto wa Kenya, Tanzania na Uganda, umeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa darasa la tatu wanashindwa kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Uganda ikaongezewa mzigo mwingine: kwa sababu ya korona, shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Mtoto aliyekuwa na miaka 4 wakati milango inafungwa alirudi akikaribia miaka 6, umri wa kuingia darasa la kwanza.

Ujuzi uliovuka mipaka

Kona ya vitabu katika darasa la watoto wadogo si jambo la Ulaya lisilowezekana hapa. Kanda hii ina mfano wake, na mfano huo umesafiri njia ileile ya bidhaa, kutoka pwani kuja bara.

Katika miaka ya 1980, wazazi Waislamu wa Mombasa na vitongoji vyake walitaka watoto wao wapate elimu ya awali itakayowaandaa kwa shule ya msingi bila kuwatenga na dini yao. Taasisi ya Aga Khan iliunga mkono wazo hilo, na mwalimu Swafia Said akawa miongoni mwa waliolianzisha na kuwafundisha walimu wa kwanza, ambao wengi walikuwa wanawake wa mitaa hiyohiyo. Mpango ukaitwa wa Madrasa. Mwaka 1990 ulifika Zanzibar, na mwaka 1993 ukafika Uganda, kituo chake kikiwa Kampala.

Walichokifanya darasani ndicho kinachohusu makala haya. Walichukua mfumo wa HighScope wa Marekani, ambao hugawa chumba katika kona za kazi, wakaupatanisha na maisha ya hapa. Kona moja ina vipande vya mbao vya kujengea, nyingine ina sufuria na makawa ya kuigiza nyumbani, nyingine ni ya kuhesabu kwa mbegu na vifuniko vya chupa, na nyingine ni ya vitabu. Vifaa vingi vilitengenezwa na walimu na wazazi kwa vitu vya mtaani. Kila siku mtoto huchagua kona atakayofanyia kazi, hufanya kazi yake, kisha hueleza alichofanya.

Mwaka 2008 watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda. Waliosoma shule za awali, za Madrasa na zisizo za Madrasa, walikuwa mbele ya waliobaki nyumbani katika vipimo vya akili, na wale wa Madrasa walikuwa mbele zaidi. Kona ya vitabu peke yake haiwezi kudai sifa hiyo yote, kwani walimu walifundishwa na kutembelewa darasani kwa muda mrefu. Ila utafiti huo unaonyesha kwamba chumba kilichopangwa kwa ajili ya mtoto, na mwalimu anayejua kukitumia, huleta faida inayopimika hata pale wazazi wanapokuwa na kipato kidogo.

Kona inavyotengenezwa

Kwanza ni mahali. Kona hukaa mbali na mlango na mbali na wanaojenga na kugonga mbao, kwa sababu mtoto anayesukumwa kila dakika hawezi kumaliza ukurasa. Huhitaji mwanga wa dirisha, lakini jua lisipige moja kwa moja kwenye vitabu, maana hukausha gundi na kufifisha picha. Ukuta usiwe ule unaovuja Machi hadi Mei mvua zinapokuja. Katika maeneo kama Bwaise, ambako maji ya mafuriko huingia hadi ndani ya nyumba, rafu ya chini kabisa isiguse sakafu.

Pili ni kimo. Mwalimu apige magoti, na macho yake yakiwa sawa na ya mtoto, hapo ndipo rafu inapopaswa kuwa. Kitabu kielekeze jalada mbele, si mgongo. Mtoto asiyejua kusoma hawezi kukichagua kitabu kwa kuusoma mgongo wake. Hukichagua kwa picha ya simba au ya pikipiki iliyo kwenye jalada. Muuza nguo wa Owino analijua hilo siku zote: gauni linalouzwa ni lile lililotundikwa likionekana lote, halitoki chini ya rundo.

Rafu ya namna hiyo seremala wa Ndeeba huimaliza kwa mabaki ya mbao, mradi aambiwe apige msasa kingo zisichome vidole. Asiyeweza hata hilo ana njia nyingine. Kreti za soda zikilazwa ubavu na kufungwa pamoja ni rafu. Kamba ikifungwa ukutani, vitabu vyepesi hutundikwa kwa vibanio vya nguo. Gunia safi la mchele likishonewa mifuko ya kitenge huwa rafu ya kutundika ukutani, na nasari inayotumia ukumbi wa kanisa hulikunja Ijumaa jioni na kulirudisha Jumatatu.

Tatu ni pa kukalia. Mkeka mmoja au miwili na mito michache iliyojazwa vipande vya nguo inatosha. Watoto wanne hadi sita kwa wakati mmoja ndio kiasi chake. Wakizidi, panakuwa uwanja wa mieleka. Nafasi ya mwalimu kukaa chini pamoja nao isisahaulike. Mtoto humfuata mtu mzima aliyeketi na kitabu kabla hajakifuata kitabu chenyewe.

Nne ni mzunguko. Vitabu 15 vinavyobadilishwa kila baada ya wiki mbili huvutia kuliko 60 vilivyorundikwa mwaka mzima. Duka lisilobadilisha mali hupoteza wateja, na kona ya vitabu vilevile. Vinavyopendwa sana vibaki, kwa sababu mtoto wa umri huu hupenda hadithi moja isomwe mara kumi, na kila mara hujifunza neno jingine.

Mwisho ni ratiba. Kona nzuri isiyo na muda wake ni pambo la wageni. Mwalimu awasomee watoto kwa sauti kila siku, hata kwa dakika 15, akiwaonyesha picha na kuwauliza wanadhani nini kitafuata. Baada ya hapo kitabu kilekile kirudi rafuni ili wanaotaka wakichukue. Mara nyingi ndicho kitakachogombaniwa.

"Vitachanika"

Hilo ndilo jibu ambalo mzazi hupewa mara nyingi akiuliza kwa nini vitabu vimefungiwa. Ni jibu la kweli. Vitabu vitachanika, vitamwagiwa uji, na kimoja au viwili vitakwenda nyumbani ndani ya begi visirudi.

Lakini hakuna anayejua hesabu ya hasara kama mfanyabiashara. Anayesafirisha nyanya hupiga bei akijua kwamba baadhi zitapondeka njiani. Haachi kusafirisha, hupanga matenga vizuri na kuingiza hasara hiyo katika bei. Mali inayolala godauni isichakae haileti faida yoyote, na kitabu kilichobaki kipya ndani ya kabati kwa miaka mitano ni mali ya namna hiyo. Karo ililipwa, kitabu kikanunuliwa, watoto wakahitimu bila kukigusa.

Hasara hiyo pia hupunguzwa. Watoto hufundishwa kunawa mikono kabla ya kushika kitabu na kufungua ukurasa kwa kona ya juu. Majalada hufunikwa kwa nailoni. Kisanduku cha matengenezo chenye selotepu, gundi na uzi hukaa hapohapo, na mtoto aliyechana ukurasa humsaidia mwalimu kuuunganisha. Akishaona kazi ya kukitibu kitabu, huwa mlinzi wake wa kwanza.

Vingine hutengenezwa hapohapo. Kurasa za kadibodi zikishonwa kwa uzi na kubandikwa picha za magazeti ya zamani, vifungashio vya sabuni na majani ya chai, ni kitabu ambacho mtoto atakisoma siku ya kwanza, kwa sababu alama hizo anazijua kutoka dukani. Mtoto akieleza safari yake ya Jinja na mwalimu akaandika maneno hayo chini ya mchoro wake, darasa limepata mwandishi.

Lugha ya nani?

Darasa moja la Kampala linaweza kuwa na mtoto wa Muganda, wa Mkongo aliyepitia Mpondwe, wa Msudani Kusini aliyepitia Elegu na wa Mkenya wa Kibuye. Tangu mwaka 2007 mtaala wa Uganda unataka watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, lakini mijini, penye mchanganyiko wa lugha, shule nyingi hutumia Kiingereza. Nasari zikafuata mkondo huo.

Kona ya vitabu hutatua sehemu ya ugumu huu kwa sababu rafu haina lugha moja ya kufundishia. Kitabu cha Kiganda, cha Kiswahili na cha Kiingereza hukaa bega kwa bega. Mtoto akisikia hadithi kwa lugha ya nyumbani, akili yake yote huenda kwenye hadithi. Haipotei njiani ikitafuta maana ya kila neno. Na hadithi zenyewe ni ndugu: Wakayima wa Waganda, mjanja anayewashinda wakubwa, ndiye Sungura wa Waswahili.

Lugha zenyewe pia zimeazimana kwa muda mrefu. Mganda akitaja kitabu husema ekitabo, mkeka ni omukeeka, na kusoma ni okusoma. Karne ya 19 waongofu wa dini mpya katika Buganda waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Kiswahili kikaja kupoteza nafasi baadaye, na sasa kinarudi: Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya itakayotumika nchini, na kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mtoto aliyezoea Sungura akiwa na miaka 5 hatakutana na somo hilo kama mgeni.

Nafasi ya mwenye mzigo

Hapa ndipo wasomaji wa gazeti hili wanapoingia moja kwa moja. Vitabu vizuri vya watoto vya Kiswahili huchapishwa Dar es Salaam na Nairobi, na kampuni kama Mkuki na Nyota na East African Educational Publishers zimekuwa katika kazi hiyo kwa miaka mingi. Fountain Publishers ya Kampala, iliyoanzishwa mwaka 1988, ina vya lugha za Uganda. Mzazi anayekwenda Nairobi au Dar kila mwezi anaweza kurudi na vitabu vitatu katika pembe ya begi bila kuhisi uzito. Wazazi kumi wakifanya hivyo kwa mwaka mmoja, nasari ya mtaani imepata kona.

Anayetaka kuvifanya bidhaa naye ana soko. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamwezesha mwenye mzigo mdogo, usiozidi thamani ya dola 2,000, kupata cheti cha asili palepale mpakani kwa bidhaa zilizo katika orodha iliyokubaliwa. Kabla ya kufunga mzigo, aulize forodhani kuhusu orodha hiyo na kodi ya kila aina ya kitabu, kisha atunze risiti za mchapishaji.

Njia nyingine haina hata mpaka wa kuvuka. African Storybook, mradi wa Afrika Kusini uliozinduliwa mwaka 2014 na kuanza majaribio katika nchi zikiwemo Kenya na Uganda, unatoa kwenye intaneti hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Kiganda zikiwemo, kwa leseni inayoruhusu kuchapisha na kutafsiri bila malipo. Wachapaji wa Barabara ya Nasser wanaweza kuzitoa kwa karatasi ngumu na kuzishona. Anayetaka kuziuza asome kwanza leseni iliyo ndani ya kila kitabu, maana baadhi zinakataza biashara.

Maswali matano ofisini

Muhula ujao, kabla fedha hazijatoka mfukoni, mzazi anaweza kumuuliza mwalimu mkuu kwa heshima: Naomba kuliona darasa la mwanangu. Vitabu vyao viko wapi, na wanavifikia wenyewe? Wanasomewa hadithi saa ngapi kila siku? Kuna kitabu cha lugha tunayoizungumza nyumbani? Kikichanika, mnafanyaje?

Mwalimu mwenye majibu atafurahi kuulizwa. Asiye nayo huenda hakosi nia. Amekosa mkeka, mbao mbili na mzazi wa kumwambia kwamba vitabu vichanike tu, vitashonwa. Hivyo vyote vinapatikana Ndeeba na Owino kabla ya basi la jioni kuondoka.